Leso Chini ya Ngoma ya Anatole

Ile picha mmeiona. Imetundikwa kwenye mabaa mpaka Paris, imo kwenye vitabu vya muziki wa jazi, na mjukuu wangu aliniletea fulana iliyochapwa picha hiyo kifuani. Watu wa mtaa wetu wa Tremé, hapa New Orleans, wamesimama barabarani, miavuli juu, matarumbeta mdomoni, na hakuna anayepuliza. Katikati mwanamume mwembamba ameinamia ngoma. Chini wameandika: "Sala ya Mtaani."

Sala! Watu wa New York wanapenda sana kutuona tukisali. Siku ile hatukuwa tunasali. Tulikuwa tunamngoja Anatole Verret atoe leso.

Anatole alikuwa fundi wa kupiga lipu siku za kazi, na Jumapili mpiga ngoma ndogo katika bendi ya Octave Lafleur. Mikono yake ilikuwa myepesi hata mvua ikinyesha ngoma yake hailowi; matone yalikuwa yanatafuta nafasi katikati ya vijiti na hayaipati. Anayebisha akaiulize mvua. Lakini nyumbani alikuwa bubu kabisa. Aliyesema kwa niaba yake ni mkewe, Ernestine, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika ng'ambo ya mto. Mumewe akigongagonga meza kwa vidole, alimwambia, "Haya, nimekusikia, na mimi nakupenda. Sasa kula."

Agosti ya mwaka wa hamsini na saba, homa ya mapafu ikamchukua Ernestine.

Kwetu maiti hasindikizwi kimya. Wakati wa kwenda makaburini bendi inapiga polepole, na mpiga ngoma ndogo anasokomeza leso chini ya ngoma, kwenye zile nyuzi za chuma, ili sauti isilie kwa ukali, igune tu kama mtu aliyejifunika blanketi. Tukishazika na kutoka getini, anaichomoa leso na kupiga mgurumo mmoja. Hapo marehemu amefunguliwa, anakwenda zake, na sisi tunainua miavuli yetu ya kuchezea na kuanza kucheza. Ukishatoka getini, kabla ya mgurumo huo hapulizi mtu, hachezi mtu.

Octave alimsihi asipige. "Kaka, wewe tembea na familia. Nitaazima mtu."

"Umwazime nani ampigie mke wangu? Yule kiziwi wa bendi ya Gretna?"

Basi akapiga mwenyewe. Tukazika. Tukatoka getini. Octave akainua tarumbeta, miavuli ikapanda. Anatole akaingiza vidole chini ya ngoma, akaishika ncha ya leso, akaganda.

"Toa, kaka," Octave akanong'ona.

"Bado."

"Bado nini?"

"Nikiitoa, amekwenda."

Jua lilikuwa linatuchoma utosini. Hakuna aliyejikuna. Hapo ndipo kijana mmoja wa Kizungu, aliyekuja kutoka New York kutafuta picha za jarida, akabofya kamera yake. Filamu ikaisha, akachuchumaa pembeni kuweka nyingine. Ndiyo maana ile picha mnaijua, na kilichofuata hamkijui.

Kilichofuata ni mama mkwe. Mama Zenobi, aliyemzaa Ernestine, mfupi kama pipa, alipita katikati ya bendi akisukuma watu kwa mkoba wake mpaka akasimama mbele ya ngoma.

"Anatole."

"Naam, mama."

"Mwanangu umemsimamisha barabarani."

"Siwezi, mama."

"Miguu yake unaijua. Ilikuwa inavimba kwenye foleni ya samaki tu. Leo umemsimamisha juani na viatu vipya, na vinambana, maana nilimvisha mimi."

Mtu nyuma akaponyokwa na kicheko, akaziba mdomo. Anatole hakucheka.

"Nitabaki na nani?"

"Na mimi. Ndiyo bahati yako mbaya." Kikongwe akasogea. Akaishika ngoma kwa mikono miwili kama anayeshika uso wa mtoto. "Unadhani mimi namtaka aende? Nilimbeba kabla yako, mwanangu. Na mimi sina kijiti. Wewe ndiye unacho. Mfungulie."

Leso ikatoka taratibu, kama uzi kwenye kidonda. Anatole akamkabidhi mama mkwe. Kisha akapiga.

Nimesikia radi nyingi katika mji huu. Mgurumo ule ulianza mdogo, ukapanda, ukapanda, mpaka njiwa wa kanisani wakaruka wote, na Octave akaupokea kwa tarumbeta. Aliyeanza kucheza ni Mama Zenobi, leso juu, uso umelowa, akikanyaga lami kama aliyeikasirikia. Tukamfuata. Anatole alitangulia mbele, hachezi, hafuti machozi, ngoma inalia waziwazi.

Tulipofika mlangoni kwake bendi ikanyamaza. Yeye akaendelea kupiga kidogo peke yake. Kisha akaiweka ngoma barazani, akaushika mlango ukiwa wazi, akasema, "Pita, mama," na wote wawili wakaingia ndani.