Dobi na Damu Iliyokuwa Nzito Kama Wanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chumba cha nyuma cha dobi tayari kinafuka mvuke. Pasi inateleza juu ya kola nyeupe, inakizunguka kifungo, inarudi. Dobi anayeishika, wateja humwita Fundi Kola. Ana miaka arobaini na sita, na leo kila akinyoosha kidogo anaitupia jicho simu iliyo kwenye rafu.

Kliniki imeahidi majibu ya damu kabla ya saa tatu.

"Acha kuikodolea macho," mkewe anamwambia akikunja mashuka. "Na hiyo kola ushaipiga mara tatu."

Miaka mitano iliyopita Fundi Kola alipona saratani, lakini upasuaji ulimwondolea korodani zote mbili. Mwili wake hautengenezi tena testosteroni, homoni ya kiume. Siku zile alikuwa akisinzia wima, mkono ukiwa kwenye pasi.

"Nilikuwa mtu wa kuegeshwa ukutani," anasema, akicheka.

Sindano ya homoni kila wiki tatu ndiyo iliyomrudisha kwenye meza ya pasi.

Mwaka huu kichwa kikaanza kumgonga na masikio kuvuma. Akasingizia mvuke. Kumbe homoni ile huweza kuuchochea mwili utengeneze chembe nyekundu kupita kiasi. Zake zilikuwa zimefika asilimia 56 ya damu. Daktari akamweleza kwamba zikizidi 54, hatari ya damu kuganda mishipani inaongezeka. Zisiposhuka, sindano itasimamishwa.

"Nikamwambia muuguzi aliyekuwa na daktari, sista, hapo nimewaelewa. Wanga wa nguo ukiwa mzito, pasi inanata."

Ndipo makosa yake yalipojitokeza. Kwa kutotaka kuiacha pasi ikiwaka aende msalani, alikuwa akishinda bila kunywa maji katika joto lile lote, na damu ikazidi uzito. Mkewe naye anatoboa siri nyingine.

"Siku ya sindano ikikaribia anajiona mnyonge, basi anajichoma sindano mapema. Nikamwambia, baba, hiyo si chumvi uongeze kwa kuonja."

Daktari akapunguza dozi na kuigawa: kidogo kila wiki, badala ya nyingi kwa mpigo. Mkewe akatwaa kalenda ya sindano, akaweka na dumu la maji chini ya meza. Miezi mitatu imepita hivyo.

Saa mbili na dakika arobaini simu inalia. Fundi Kola anaisimamisha pasi kwanza.

"Ndiyo, sista. Ngapi? Hebu rudia, mke wangu asikie."

Asilimia arobaini na tisa. Sindano zinaendelea, na vipimo pia.

Mkewe anaketi juu ya furushi la mashuka ya mteja, jambo ambalo hajawahi kumruhusu mtu, na kujifuta macho kwa foronya.

"Hiyo nilishainyoosha," mumewe anamwambia.

"Utainyoosha tena. Nguvu si unazo?"

Jumamosi mdogo wa mkewe anaolewa, na Fundi Kola alikuwa amekataa kuahidi kwenda kabla ya majibu haya. Sasa anachomoa shati lake mwenyewe kutoka chini ya kapu, limekunjamana kama karatasi ya kufungia sabuni, na kulitandaza mezani.

"Nitacheza mpaka bendi iombe kupumzika."

"Cheza," mkewe anasema, akiinuka. "Ila wa kwanza ni mimi. Mashangazi watapanga foleni."