Watoto wa Akoru Hawahesabiwi

Akoru wa Kakuma anauza makaa. Si kwa kupenda. Mbuzi zake zilikufa Lokiriama, kiangazi kikazimaliza zote, na mtu bila mbuzi lazima atafute kitu kingine cha kubeba kichwani. Akawa anabeba makaa mpaka kambini kwa wakimbizi. Tangu mgao wa wakimbizi ukatwe, hata Anyieth, mteja wake wa siku zote, anampa unga kikombe kimoja huku akiangalia chini.

Kwa makaa hayo alisomesha Nelly, kifungua mimba wake, mpaka akaingia chuo Lodwar kusomea uuguzi. Nelly akimaliza, wadogo zake wangekula. Mpango mwingine hakukuwa, asidanganywe mtu.

Sasa chuo hakikulishi bure. Nelly alikuwa anakunywa chai asubuhi na kulala na hiyo hiyo. Akaanguka wodini mara mbili akifundishwa kudunga sindano, na wenzake wakacheka ati ana mimba. Wakubwa wa chuo walipoona wanafunzi wanatoroka masomo mmoja mmoja, wakaita watu wa utafiti waje wawaambie ni kwa nini. Wangeuliza mpishi wao, angewaambia bila karatasi. Lakini wakaandika, wakaandika, na mwisho wakaweka sheria: mwanafunzi anayetoka nyumba ya watoto wengi atapewa kadi ya chakula, ale mara mbili kwa siku mpaka amalize.

Nelly akajaza fomu. Pale walipouliza watoto wa mama yake, akaandika saba. Hakumwambia mama yake. Alijua angechapwa, na ukubwa wake wote ule.

Kwao mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu ni kama unakionyesha kifo pa kuanzia, na Akoru alikuwa amezika wawili tayari. Hata mbuzi, alipokuwa nazo, hakuzihesabu. Zikirudi jioni aliangalia rangi tu, anajua ile nyeusi ya kipaji cheupe haiko, anageuka kuitafuta.

Basi akaja Opondo. Kijana mpole, viatu safi, ametumwa kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha fomu. Akasalimia ejok, labda alifundishwa na dereva njiani. Akoru akapangusa mikono ya makaa, akamgeuzia jerikeni akalie. Mpaka hapo hakuna mtu alikuwa amekosea.

"Mama, uko na watoto wangapi?"

"Watoto iko."

"Sawa, iko. Lakini ni wangapi?"

"Wewe ndiye unawachunga?"

Opondo akacheka, akarudia swali. Watoto wenyewe walikuwa wameenda laga, ule mto mkavu, kuchimba maji kwenye mchanga, nyumba ilikuwa tupu. Akoru akaangalia ile kalamu inamngoja, akaogopa. Akasema neno la kuifukuza.

"Ni Nelly tu. Wengine hakuna."

Opondo akaandika moja. Majina hakuuliza. Angeuliza majina, angetajiwa kila mtoto, na mvua iliyonyesha akizaliwa, na mbuzi aliyechinjwa. Majina hayana shida. Miaka yote hiyo darasani, na mtu hajui kuuliza! Na masufuria matatu makubwa pale mlangoni, alidhani yanapikia nani?

Karatasi ikafika Lodwar ikisema Nelly ni mwongo. Jina likakatwa kwenye orodha ya chakula, na barua ya onyo juu yake. Nelly akapiga simu kwa jirani, akapewa mama yake.

"Ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilikuwa nawalinda."

Nelly akasema, "Mtihani sitafika, mama."

Kesho yake Akoru akapanda lori mpaka Lodwar na vumbi lake lote. Ofisini alimkuta msichana anaitwa Natasha, kucha ndefu, Kiswahili cha Nairobi. Akoru akamwambia alete karatasi. Kisha akafungua vidole vyake kimoja kimoja, kitu hajawahi kufanya tangu azaliwe.

"Nelly. Lokol. Akeno. Lokaale. Lokuruka. Elijah. Nakiru." "Ni saba. Andika saba."

Natasha hakuandika. Kwa upole, na upole wao ndio unachosha, akamweleza kwamba orodha imefungwa, na ripoti imeshatoka na kupigiwa makofi na wageni. Ajaribu mwaka ujao. Akampa nakala moja. Juu kulikuwa na picha ya wanafunzi wanacheka.

Akoru akaenda bweni. Kitanda cha Nelly kilikuwa kimebaki chuma na godoro. Mwenzake akasema Nelly ameondoka jana na gari la samaki, kuna mtu Ferguson's Gulf anatafuta wasichana wa kupasua na kuanika. Sare yake ya uuguzi ameacha, imekunjwa vizuri.

Akoru akaibeba. Ripoti akaiacha juu ya godoro.

Siku ya pili jioni watoto wakarudi kutoka laga na maji vichwani. Angewaangalia tu kama siku zote, huyu wa shanga nyekundu, yule wa kovu, na kujua wako. Lakini macho yalishafundishwa. Yakaanza yenyewe, moja, mbili, tatu, mpaka kwa Nakiru nyuma kabisa. Akafika sita. Akafumba macho, akayafungua, akaanza tena.