Nilimsema shemeji yangu kiwandani, akalaumiwa mwingine

Mniwie radhi kwa urefu huu, na majina nimeyabadili yote. Nina miaka sitini na mbili, naishi Ikwiriri, nina mke na watoto watano wakubwa. Nimebeba jambo tangu ujanani, na wiki hii limenishinda.

Enzi za ruksa nilikuwa kijana wa Dimani nisiye na kazi. Kaka wa mke wangu, nimwite Omari, alikuwa fundi tanuru kwenye kiwanda cha chuma Dar es Salaam. Akanichukua, akanilaza chumbani kwake, akanifundisha kazi. Tanuru letu lilikuwa la makaa ya mawe, linapulizwa upepo usiku na mchana. Omari alikuwa anautazama uji wa chuma kupitia kioo cha buluu, akasema, "Bado," au, "Fungueni," na hakukosea. Wa tatu wetu alikuwa Saidi, mtu wa Mchukwi. Tulikula sahani moja.

Kisha kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya akavunja tanuru la makaa, akaleta la umeme. Nondo tatu nene za kaboni zinashushwa juu ya vyuma chakavu, umeme unaruka kama radi, chuma kinayeyuka muda si mrefu. Ule mlio ulitutia hofu, lakini hofu kubwa ilikuwa nyingine. Tanuru lile halikutaka watu wengi. Mhandisi alitwambia wazi kwamba katika sisi watatu atabakisha wawili.

Sasa Omari alikuwa na siri. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa mwanga wa tanuru, na la kulia limeanza ukungu. Tuliokuwa tunajua ni mimi na Saidi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea vipimo kwa sauti ya chini. Aliniambia, "Shemeji, nisitiri. Nikirudi Rufiji na macho haya nitalima nini?" Nikamwapia.

Mhandisi akaniita peke yangu ofisini. Akaniuliza, "Katika wenzako, kuna mwenye matatizo yoyote?" Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nikasema, "Omari haoni vizuri." Maneno matatu tu. Nilijidanganya kwamba nimesema kwa usalama wa watu, mtu asiyeona asije akatuunguza. Lakini ningekuwa na uhakika wa nafasi yangu, nisingefungua mdomo.

Omari alipunguzwa wiki ileile. Alifunga godoro lake huku analia, mtu mzima yule, akaniambia, "Ni Saidi huyu. Wewe ni damu yangu, huwezi." Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoliua jina la Saidi.

Na hiyo kazi yenyewe sikuifaidi. Ulipokuja mgawo wa umeme tanuru likawa linalala siku nzima, baada ya miaka michache tukaondolewa wote, mimi na Saidi. Nikarudi Rufiji, nikatua Ikwiriri kulima mpunga na ufuta. Nilimkuta Omari kipofu kabisa.

Miaka ikaenda. Kijana wa Saidi akampenda binti wa Omari, akaleta posa. Omari akasema hawezi kuchanganya damu na msaliti, na akanituma mimi, mume wa shangazi yake binti, nikawajibu wenyewe. Nilikwenda Mchukwi. Nilisimama mbele ya wazee wa watu, nikasema, "Mwenzenu amekataa." Saidi alinitazama tu. Yule binti aliolewa kwingine, akapigwa, akarudi kwao na watoto wawili. Kila nikimwona anapepeta mchele pale uani natamani ardhi inimeze.

Jumatatu iliyopita Saidi alinitumia binti yake. Figo zimemwisha, yuko kitandani nyumbani kwake. Nikaenda. Alimtoa kila mtu chumbani, akanishika mkono, akasema, "Bwana, waliojua macho ya Omari tulikuwa watatu. Omari hakujisema, mimi sikusema. Amebaki nani?"

Nililia kama mtoto. Nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu."

Akasema, "Mimi nilishakusamehe zamani, tangu siku ile ya posa. Sikukusema kwa sababu hata ningesema, Omari asingeniamini. Lakini nataka aje anishike mkono nikiwa hai. Ukimwambia nikishazikwa, itanisaidia nini?"

Nilirudi nimeazimia. Nikamkuta Omari barazani kwetu, nikamsalimu. Kabla sijakaa akasema, "Nasikia umetoka kwa yule. Salamu zake usinipe." Nikaingia ndani nikamuuliza mke wangu kwa mafumbo, "Hivi mama, kama aliyemsema kaka yako hakuwa Saidi bali mtu mwingine, ungefanyaje?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Awe yeyote, kaka yangu amekosa maisha kwa ajili yake. Mimi siwezi kula naye."

Jamani, tumekula naye miaka yote hii.

Leo asubuhi binti wa Saidi amepiga simu, anasema baba hali tena, anauliza tu kama Omari amekuja. Nikisema, najua navunja nyumba yangu uzeeni, na kipofu yule atajua kwamba mtu aliyemtegemea ndiye aliyemwangusha. Watoto wangu watanitazamaje? Nisiposema, Saidi anakufa na jina baya ambalo ni langu mimi.

Msinionee huruma, sikuandika kwa hilo. Wenye hekima nishaurini, na msikawie, maana mgonjwa hana siku nyingi. Nimwambie nani kwanza, mke wangu au Omari? Na mtu huanza kwa neno gani?