Ushahidi wa Bibi Jumwa

Mume wangu alikuwa mwoga. Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akadhani namsifu kwa kuwa ameshakufa. Aliogopa mbwa, aliogopa mwalimu mkuu, na tulipoalikwa arusi kisiwani Funzi alijitia anaumwa na tumbo ili tu asipande chombo. Nilimcheka waziwazi, mbele ya dada zangu, naye akacheka pamoja nasi. Mimi nilijihesabu mwanamke shujaa. Domo nililokuwa nalo lingetosha watu watatu.

Jina lake la shule lilikuwa Mwalimu Mramba. Alizaliwa bara, upande wa Kinango, kwenye ng'ombe na ukame, akaletwa Msambweni kufundisha mwaka wa 1957. Mwaka uliofuata alisilimu ili anioe, na msikitini akaitwa Ramadhani. Baba yangu akimwita Ramadhani, wanafunzi Mwalimu Mramba, na mimi, alipozaliwa binti yetu, nikamwita Baba Mapenzi. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wengi kwetu walikuwa na jina la kabla na jina la baada.

Mahali pekee ambapo hakuogopa ni mbele ya ubao. Mwaka wa 1965, bendera yetu ikiwa bado mpya, alikuwa akifundisha historia darasa la saba. Kitabu walichokuwa nacho kiliandikwa na Mzungu ambaye sidhani aliwahi kuonja mchuzi wa nazi. Pwani yote alikuwa ameipa kurasa nne. Basi Mramba akakifunga na kupiga mstari katikati ya ubao. Upande huu akaandika ALIYEONA, upande ule ALIYEAMBIWA. Mkaguzi akija, aliviita vyanzo vya msingi na vyanzo vya upili, kwa sauti ya kikohozi. Mkaguzi akiondoka, vilirudi kuwa aliyeona na aliyeambiwa.

Siku moja aliwaambia waandike habari za mechi yao na wavulana wa Diani. Insha iliyopendeza kuliko zote iliandikwa na mtoto ambaye siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Mramba alikuja nyumbani akicheka mpaka machozi. "Unaona, Mama Mapenzi? Amesimulia mpaka vumbi lilivyoruka! Wenzake waliokuwepo wameandika mistari mitano." Akawafundisha kwamba maandishi yote yaulizwe maswali manne: nani ameandika, ameandika lini, alikuwepo, na anataka tuamini nini.

Halafu akawaambia walete karatasi za zamani kutoka majumbani kwao. Laiti angekomea kwenye mpira.

Watoto walileta vipande vya babu zao, vile vyeti vya kazi vya wakati wa Mzungu, stakabadhi za kodi ya nyumba, cheti cha chanjo kilicholiwa na mchwa. Na msichana mmoja, Biasha, akaleta barua. Baba yake, Bwana Salimu Kombe, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na barua ile alimpa mwenyewe kwa mkono wake, kwa majivuno, ili darasa zima lijue ukoo wao ni watu wa maandishi. Ilikuwa ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mramba hakuzijua hati hizo, kwa hiyo Biasha, aliyehitimu chuo cha Kurani, akaisoma na kuinakili ubaoni.

Ilisema kwamba mwaka wa 1329 wa Hijra, yaani 1911 wa Wazungu, shamba lote la Mikanjuni lilitolewa hiba, yaani zawadi, kwa babu yake Biasha. Mashahidi walikuwa watatu. Wa mwisho aliandikwa Bakari bin Abdalla.

Mikanjuni palikuwa na nyumba zipatazo ishirini. Watu wamezaliwa pale, wamezikana pale. Na kila mtu Msambweni alijua kwamba afisa wa ardhi angekuja baada ya mwezi mmoja kusikiliza madai ya Bwana Kombe, na kwamba barua hiyo ndiyo silaha yake.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo Bakari alikuwa kaka yake Bibi Jumwa wa Mikanjuni, alishakufa. Zamani alikuwa akiitwa Shutu."

Mramba aliniambia kwamba hapo chaki ilimponyoka. Mtu mwingine yeyote angepitisha. Lakini yeye alikuwa na cheti cha ualimu cha Mramba na cheti cha ndoa cha Ramadhani, na alijua ni karatasi ipi inayoweza kuwa na jina lipi. Akauliza darasa, "Alisilimu mwaka gani?" Hakuna aliyejua. Akafuta ubao haraka, akamrudishia Biasha barua yake, akawaambia wakacheze.

Alasiri ile ile alikwenda Mikanjuni na daftari. Bibi Jumwa alikuwa ajuza karibu miaka themanini, hakusilimu asilani, na maneno yake yalikuwa makali kama pilipili. Mramba hakumwambia lolote kuhusu barua. Alisisitiza sana jambo hilo aliporudi. "Naye ana lake, anakaa shambani. Angejua ninachotafuta, angenipa ninachotafuta. Nimemwuliza habari za kaka yake tu."

Na Bibi Jumwa alisimulia. Kaka yake Shutu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Aliporudi alikuwa amekonda, amevaa kofia, na jina lake ni Bakari. "Nilimchinjia mbuzi kwa furaha," alisema, "akaikataa nyama kwa sababu mkono uliochinja ni wa mume wangu, kafiri. Nililia siku mbili. Nilikuwa nikimnyonyesha mwanangu wa tatu." Vita hivyo vilikwisha mwaka wa 1918. Sasa mwaka wa 1911 huyo Bakari bin Abdalla alitokea wapi akaweka jina lake?

Mramba aliyaandika yote, tarehe juu, maneno ya bibi kama alivyoyasema. Bibi Jumwa akapaka kidole wino, akakandamiza.

Alinisomea usiku ule. "Barua ni ya uongo," alisema kwa kunong'ona, tukiwa wawili tu na mtoto amelala. "Imeandikwa baadaye."

"Basi itie motoni hiyo daftari," nikamwambia.

Alinitazama. Nadhani alitarajia nicheke, kama nilivyozoea.

Lakini sikuona cha kuchekesha. Mwaka wa 1962 Mramba aliwahi kwenda kwenye mkutano wa watu waliotaka Mwambao, yaani pwani yetu, ujitenge na Kenya. Alisimama nyuma, hakusema neno, alifuata umati tu. Baada ya uhuru watu waliojulikana kuwa walikwenda kwenye mikutano ile walitembea wakitazama nyuma. Na Bwana Kombe alikuwepo siku ile. Alimwona.

Daftari ikawekwa chini kabisa ya kasha langu, chini ya kanga zangu za arusi. Siku kumi baadaye Bibi Jumwa aliugua kifua akafariki. Nilikwenda matangani nikakaa na wanawake wenzangu, na katikati ya vilio nikafahamu kwamba aliyeona hayupo tena, na kilichobaki duniani kiko chini ya kanga zangu. Mwili ulinisisimka. Watu walidhani ni uchungu wa msiba.

Wiki ile ile Bwana Kombe akapiga hodi kwangu, mchana kweupe, Mramba akiwa shule.

"Salaam aleikum, Mwanasha."

"Aleikum salaam, Bwana Salimu. Karibu."

Akakaa, akanywa kahawa, akasifu kahawa. Akauliza hali ya mtoto. Nilikuwa na mimba ya pili, akaniombea nijifungue salama.

"Biasha ameniambia mwalimu alimwuliza swali zuri," alisema. "La Bakari. Kusilimu kwake."

"Mimi sijui mambo ya darasani, bwana."

"Hata, utajuaje? Mwambie tu mumeo, na mimi nasema haya kwa kumpenda. Walimu wanahamishwa siku hizi. Wengine hawahamishwi, wanakuja kuchukuliwa kwa gari, na wake zao hawaambiwi wamepelekwa wapi. Serikali ina kumbukumbu. Hata watu waliosimama nyuma mkutanoni wana kumbukumbu zao."

Akashukuru kwa kahawa na kwenda zake, polepole, akizungusha tasbihi mkononi. Hakupaza sauti hata mara moja. Mimi niliyejihesabu shujaa nilishindwa kuinua kikombe chake. Nilikiacha pale pale mkekani, nikaenda chumbani, nikafungua kasha.

Moto wa makumbi ya nazi ulikuwa tayari jikoni, nilikuwa napika maharagwe. Nilichana kurasa moja moja. Ile yenye kidole cha Bibi Jumwa niliishika kidogo, nikaona mistari ya kidole chake kama mistari ya mti uliokatwa, nikaitia. Haikuchukua muda. Nikarudisha kanga zangu, nikaendelea kukoroga maharagwe. Niliogopa hata kulia, kwa sababu Mapenzi alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, na alikuwa na umri wa kuanza kusema maneno.

Sikumwambia Mramba. Nilijiambia kwamba anavyojulikana kwa uoga, siku ya kikao hatathubutu kwenda, na hatajua kamwe.

Siku ya kikao aliamka mapema, akaoga, akavaa shati lake jeupe. Vifungo vilimshinda, nikamfunga mimi. "Naogopa, Mwanasha," aliniambia. "Wallahi naogopa. Lakini nimewafundisha watoto wale mwaka mzima." Akatia mkono ndani ya kasha gizani chini ya nguo, akavuta daftari, hata hakuitazama, akaitia mkobani. Kulikuwa na daftari nyingine humo, ya hesabu zangu za kushona. Nilimwona akiichukua. Nikamwacha atoke.

Nilimfuata nikasimama na wanawake nyuma. Afisa wa ardhi alikuwa mtu wa bara, kijana, anaharakisha. Barua ikasomwa. Watu wa Mikanjuni wakasema yao kwa kelele, naye akawanyamazisha. Kisha Mramba akasimama. Akaeleza habari za Shutu na Bakari, mwanzo mpaka mwisho, sauti ikikatika. Bwana Kombe aliacha kuzungusha tasbihi.

"Mwalimu," afisa akauliza, "wewe uliona huyu mtu akibadilisha jina?"

"Sikuona, bwana. Niliambiwa na dada yake."

"Dada yake ako wapi?"

"Amefariki. Lakini niliandika maneno yake, akatia kidole."

"Leta."

Alifungua mkoba. Akafungua daftari, akaona vipimo vya mabega na viuno vya akina mama wa Msambweni. Akaifunga. Akatoa vitu vyote mkobani, chaki, rula, madaftari ya watoto, akavirudisha, akavitoa tena. Mara ya tatu aliinua kichwa akatafuta katika umati, akaniona. Sikuweza kuyakwepa macho yake. Yeye ndiye aliyeinamisha yake.

"Basi wewe unasema kitu uliambiwa," afisa alisema, bila ubaya, akiandika. "Na hapa kuna karatasi ya mtu alikuwa hapo. Wewe ni mwalimu, unajua tofauti."

"Najua, bwana," Mramba alijibu, akakaa.

Kabla ya mvua za mwaka uliofuata Mikanjuni ilibomolewa. Wengine walikwenda Majoreni kwa jamaa zao, wengine hawakujulikana walikokwenda. Na sisi, baada ya mimi kuchoma nilichochoma ili tusalimike, tulipata barua ya uhamisho wiki ya tatu baada ya kikao. Tulipelekwa bara, shule isiyo na maji. Kwa miaka miwili kila gari lililosimama karibu nilijua limemfuata yeye. Sikulala vizuri, na ile mimba yangu ya pili ikanitoka.

Hakuniuliza. Si siku ile, si baadaye. Alirudi kutoka kikaoni akala chakula, akasema kina chumvi ya kutosha. Aliendelea kufundisha miaka ishirini na zaidi, na mstari wa katikati ya ubao aliendelea kuupiga. Mimi ndiye niliyeacha kumcheka.

Alipokuwa mgonjwa wa mwisho niliketi kando yake nikapiga moyo konde. "Baba Mapenzi, ile daftari ya Bibi Jumwa..."

Akaweka mkono juu ya wangu. "Usiniambie. Mpaka sasa mimi nakisia tu. Ukinena, nitakuwa nimesikia kwa aliyetenda."

Nikanyamaza. Alifariki Ijumaa.

Siku hizi nakaa Kombani kwa binti yangu. Sokoni kuna mwanamke anayeuza mihogo, mjukuu wa mmoja wa watu wa Mikanjuni, na hakubali nimlipe. Kila akiniona huinuka, huwaita watoto wake waje kuniamkia. "Shikamoo, Mama Mwalimu," husema, kisha huwageukia: "Huyu ni mke wa yule mwalimu. Katika Msambweni nzima ndiye peke yake aliyetusemea." Watoto hunitazama kwa heshima. Mimi huitikia marahaba, hupokea mihogo, na huondoka upesi kabla yule mkubwa, aliye darasa la saba, hajafungua kinywa kuuliza karatasi ilipotelea wapi.