Pembetatu Mbili za Kuvukia Ruvuma

Miaka ile pikapu kuukuu za Japani zilipoanza kumwagika Masasi, nami nikanunua moja kwa fedha za korosho. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka Newala hadi Masasi na kurudi kabla chakula hakijapoa. Sikuona sababu ya kwenda mbali zaidi. Mama aliiona. Mdogo wake aliolewa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, vita ya kule ikawatenganisha. Sasa amani imerudi, na gari liko uani, kuku wanatagia humo.

"Hilo ni banda," akaniuliza, "au litanifikisha kwa mdogo wangu kabla mmoja wetu hajazikwa?"

Nikaenda Masasi kwa shemeji, mume wa dada yangu, dereva wa malori aliyekwishafika Malawi na Msumbiji. Kumwuliza shemeji jambo ni kazi, maana utani wetu hauachi hata msibani. Siku tuliyomzika baba aliniuliza kama ile suruali niliyovaa nayo nimerithi. Kwa hiyo maneno yake mimi huyachekecha kwanza.

"Kule wanaendesha kulia," akasema. "Si Mreno yule aliyewatawala? Ukishuka tu kwenye pantoni, hamia kulia."

Hilo likaniingia. Nimesoma sekondari, najua Ulaya wanapita kulia, na Mreno katoka Ulaya.

"Halafu beba pembetatu mbili, zile nyekundu zinazong'aa. Gari likizimika unaweka moja mbele, moja nyuma. Trafiki wa kule anaziulizia."

Hapo nikacheka. Kwetu gari likiharibika dereva anakata matawi, anayalaza barabarani, yamekwisha.

"Kwani Msumbiji hakuna miti, shemeji?"

Akaniangalia kwa huruma, akaendelea na chai yake. Nikajua nimemkamata na utani wake.

Nikaanza mazoezi ya kupita kulia kwenye njia ya mchanga ya Chilangala. Baiskeli moja yenye gunia la korosho iliishia kichakani.

"Umelewa?" mwenye baiskeli akaniuliza.

"Najiandaa kwenda nje," nikamjibu.

"Si uende basi!"

Tukaenda. Mama alikalia mkeka uliokunjwa, akakataa katakata nisiuweke nyuma. Kwenye pantoni alisinzia. Tuliposhuka ng'ambo nikahamia kulia kwa madaha ya mtu aliyezoea nchi za watu. Kona ya kwanza, lori likatujia uso kwa uso, honi inalia. Nikaingia majanini. Lori lilipopita, vumbi likatua, tukamwona askari wa barabarani anakuja taratibu.

Alianza kwa Kireno. Mama akamjibu kwa Kimakonde. Askari akavua kofia, akamwamkia kama mama yake, kisha akanigeukia mimi, bila kofia wala tabasamu.

"Pembetatu mbili."

"Kwetu huwa tunakata mata..."

"Pembetatu mbili. Bila hizo gari linarudi na pantoni hiyo hiyo."

Mama alitazama mto tuliotoka kuuvuka. Kisha akajiinua, akauvuta ule mkeka, akaukunjua mapajani. Ndani mlikuwa na pembetatu mbili, mpya.

"Za shemeji yako," akasema. "Alinikataza nisikwambie, eti ungezishusha ukaweka matawi."

Askari akazikagua, akamrudishia mama.

"Kuna na jingine," mama akasema. "Nilitakiwa nikwambie tukiwa kwenye pantoni."

"Lipi?"

"Kwamba huku ni kushoto, kama kwetu. Usingizi ukanipitia, baba."

Askari alijitahidi, akashindwa, akacheka. Akasimama katikati ya barabara akanielekeza upande wangu kwa mikono miwili, kama anaswaga mbuzi.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Mama na mama mdogo walishikana mlangoni muda mrefu. Nilidhani wataanza na waliokufa. Walianza na mimi. Nilisikia "pembetatu", halafu "matawi", halafu mama mdogo akalazimika kukaa chini kwa kicheko.

Tangu hapo tumekwenda mara nyingi, kila korosho zikishauzwa. Nikitaka kuwasha gari, mama hunyoosha kwanza mkono wa kushoto nje ya dirisha, hata kama uani tupo sisi na kuku tu.