Mihogo ya Matanga

Harufu ilimfikia Rosette kabla hajafika kwenye pipa. Mihogo aliyoiloweka kwa ajili ya matanga ya baba mkwe ilikuwa imeyeyuka, juu yake povu la kijivu na funza wakitambaa polepole kama wenye nyumba. Alitumbukiza mkono, ukatoka na utelezi. Hakuichukia mihogo. Aliuchukia mkono wake.

Siku ile aliyoiloweka alikwenda kutafuta kifuniko. Njiani akaona kuku shambani, kisha jirani, kisha kitenge cha kushona, na pipa likasahaulika. Kifuniko alikipata leo, chini ya kitanda.

"Ni vile tena?" Wifi yake Clarisse alisimama mbali, pua ameziba. "Mama Merveille, we uko na miaka makumi ine na kichwa ya mutoto. Jumapili tunakupeleka kwa batu ya maombi. Utafunga kule mpaka hiyo pepo itoke."

Rosette alishawahi kupelekwa. Alikumbuka mafuta yaliyochacha, kiganja chenye jasho kikimkandamiza paji la uso, mate ya mwombaji yakimrukia mdomoni. Jioni ileile aliunguza maharagwe.

"Mi siendi."

"Basi utarudi kwenu."

Asubuhi alipanda pikipiki hadi mji wa Baraka. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Jérémie aliwahi kuwaeleza akina mama juu ya watoto wasioweza kutulia wala kumaliza jambo. Siku hiyo Rosette alikuwa amebeba mtoto wa mwenzake, akahisi anasemwa yeye.

"Hiyo ya kutotulia si ya batoto tu?" alimuuliza sasa.

"Inaanzaka utotoni, mama, bengine banakomaa nayo. Lakini mi siwezi kusema uko nayo. Huzuni, usingizi mubaya, ugonjwa ingine, vyote vinasahaulisha. Kuna munganga wa akili, daktari wa hospitali, anakuja toka Uvira. Atakuuliza hata mambo ya shule. Uje na muntu alikujua ukiwa mudogo."

Aliporudi nyumbani Mboko, nzi walikuwa wamejaa uani.

"Hata kumwaga ulisahau," Clarisse alisema. "Nimeshaleta mihogo yangu ya matanga."

"Clarisse, wakati tulisoma pamoja, ni nani aliniita Nzi?"

Clarisse alifukuza nzi usoni. "Mi. Ulikuwa hutulii. Hata siku ya komunyo ya kwanza ulitoka kanisani kufuata mbuzi."

"Uje umwambie munganga wa Uvira hivyo. Anataka muntu alinijua nikiwa mudogo."

Clarisse alishika ukingo mmoja wa pipa, Rosette ukingo wa pili. Walipolibeba, maji yakamwagikia Clarisse mguuni. Alitema mate.

"Nitakuja," alisema. "Maombi ingoje kwanza. Lakini nawa, we Nzi. Unanuka."

Rosette alinawa. Harufu haikutoka.