Posa ya Misungwi na Waya Nyuma ya Kochi

Kuna nyumba moja Misungwi ambayo mpaka leo nikiingia wananitazama kwanza mikononi kama nimeshika waya, na siwalaumu, maana aibu ile niliipeleka mwenyewe mpaka sebuleni kwao.

Mdogo wangu Masanja ana kigari cha umeme. Kila siku anatoka nacho Buswelu kwenda dukani kwake Buzuruga, usiku anakichaji nyumbani, bei ya petroli hata haijui. Siku ya kupeleka posa yake alituazima kigari hicho mimi na baba mkubwa, akaniambia, "Kaka, chaji ya kwenda na kurudi ipo, ila nenda moja kwa moja. Nakujua."

Ananijua kweli. Mimi ni mtu wa kuzunguka, nimeishi karibu kila mji wa ziwa hili na kila mahali nimeacha kitu cha kukumbuka, kwa hiyo nilipoiona njia ya lambo tulilokuwa tukiogelea utotoni nikakata kona, nikanasa kwenye mchanga, nikahangaika mpaka nikatoka, kiyoyozi kikivuma muda wote kwa sababu ya koti la baba mkubwa (na lambo lenyewe siku hizi ni shamba la mpunga), tukafika ukweni taa nyekundu inawaka.

Sasa mshenga haombi kitu kabla posa haijajibiwa, hata maji anangoja apewe. Nikaona haya kusema. Wakati wengine wanasalimiana nikapitisha waya dirishani, nikauchomeka nyuma ya kochi, nikakaa mbele yake kwa adabu zote.

Baba mkubwa ndiyo kwanza anafika penye "tumekuja kuomba jiko" feni ikasimama. Mama wa binti akaita kutoka jikoni, "Nani kamaliza luku? Nyama haijaiva."

Bibi wa binti akauona waya. Akaushika, akaufuata polepole kama anayefuata kamba ya ndama, akatoka nao mpaka kwenye gari, akarudi.

"Mjukuu wangu, mmekuja kuomba binti au umeme?"

"Vyote, bibi. Shikamoo." (Nilishamwamkia mara ya kwanza.)

Baba mkubwa hakuniangalia hata kidogo. Akampigia Masanja, sauti ya simu juu, watu wote wanasikia, na jambo la kwanza Masanja aliuliza ni, "Kaka kapitia lambo, siyo?" Kisha akasomewa namba ya mita, akanunua umeme wa nyumba ile palepale, akatuma namba za kuingiza, feni ikazunguka.

"Huyu wa kwenye simu ndiye muoaji?" bibi akauliza.

"Ndiye, mama," akajibu baba mkubwa.

"Hajaoa bado na ameshawasha taa. Huyo mpeni. Huyu wa waya mlisheni, tungoje gari lake lishibe."

Gari halina kosa, linamfaa Masanja kila siku. Mimi nikiliazima siku hizi sikati kona yoyote, na nikifika kwa watu nayasema yote mlangoni: hodi, shikamooni, naomba pa kuchomeka.